Klavie yetu na herufi A

Niliandika fishi ya Kiswahili kwa wakulima, kwenye sekretariati moja hapa Mapendo. Kidole kidogo cha kushoto kilichoka. Jamani, "maharagwe" peke yake iko na A tatu! Klavie zetu ni AZERTY, za Kifaransa: A iko juu pembeni, na pale kidole kinapumzikaka kuko Q, ambayo Kiswahili hakina kazi nayo.

Tena chini ya tushi kuko kikombe cha mpira tu. Kikizeeka, unagandamiza mpaka chini kabisa.

Klavie ya mekaniki njo ningechagua. Kila tushi iko na resori yake na vyuma viwili vinavyogusana katikati ya mwendo. Kofia inang'oka kwa mkono: unabadilisha A na Q (urefu hautalingana vizuri), kisha unarekebisha kwenye mashini. Ila vumbi ya volkano inaingia humo pia, na bei ni kali.