Heko kwa Wafugaji wa Mbuzi wa Angora

Sweta ya mohea ni nyepesi mno mkononi. Uzito wake umebaki milimani Lesotho, kwa wafugaji wa mbuzi wa Angora, na hao ndio ninaotaka kuwapa heko.

Mohea, yaani manyoya ya mbuzi huyu, ambaye jina lake limetokana na Ankara kule Uturuki, hurefuka kama sentimita 2 kwa mwezi, kwa hiyo hunyolewa mara mbili kwa mwaka. Mnyoaji huinama juu ya mnyama anayehema na kurusha mateke. Ngozi ni nyembamba. Mkasi ukiteleza kidogo, damu. Akirudia palepale alipokwisha kupita, hutoka vipande vifupi visivyosokoteka. Kisha huja kuchambua: manyoya ya mwanambuzi, membamba na ya bei kubwa kuliko yote, hayachanganywi na ya mbuzi mzima, na yaliyoshika miiba au kinyesi huwekwa kando.

Lakini mtihani wenyewe, kwa maoni yangu, huanza mkasi ukishawekwa chini. Mbuzi aliyetoka kunyolewa hana cha kumkinga. Mvua ya baridi yenye upepo ikimkuta malishoni, anaweza kufa usiku uleule, na wenzake wengi pamoja naye. Ndiyo maana mchungaji aliyejifunga blanketi haachi kuyatazama mawingu. Yakigeuka, huwakimbiza mbuzi zizini gizani, akimkumbatia mwanambuzi mchanga ndani ya blanketi lake mwenyewe. Alfajiri huwahesabu, mmoja mmoja, akiwagusa migongo.