Sifa za Mwosha Fuwele

Habari za fizikia zikisimuliwa, sifa huwaendea waliokokotoa. Mimi namsifu anayeosha fuwele.

Fuwele yenyewe ni strontiamu titanati, kibamba kidogo chenye kupenyeza mwanga. Ndani yake matabaka mawili hupokezana: moja la strontiamu na oksijeni, lingine la titani na oksijeni. Ukikikata kibamba, uso hutokea wa mchanganyiko, hapa tabaka hili, pale lile. Mwaka 1994 Masashi Kawasaki na wenzake huko Japani walionyesha kwamba asidi ya hidrofloriki, ikipozwa makali kwa amoniamu floridi, huila strontiamu ya juu na kuiacha titani peke yake. Uso hubaki ngazi safi, kila kidato kimo chake nanomita 0.4 hivi. Asidi hiyo, ikimgusa mzembe, hupenya hadi mfupani.

Ndipo upakaji uanze. Kibamba huwekwa kwenye chumba cha ombwe, kikapashwa moto hadi karibu nyuzi 800. Leza hupiga kipande cha lanthanamu aluminati, pigo baada ya pigo, na kila pigo hurusha mwali unaotua juu ya kibamba. Fundi macho yake yako kwenye skrini. Miale ya elektroni inaupara uso kwa pembe finyu sana. Nukta ya mwanga inafifia tabaka likiwa nusu, inang'aa tena likijaa. Ikififia na kung'aa mara moja, tabaka moja limekamilika. Tabaka la mwisho linalotakiwa likijaa ndipo pa kuzima leza, wala si sekunde chache baadaye.

Mwaka 2004 Akira Ohtomo na Harold Hwang walitangaza kwamba strontiamu titanati na lanthanamu aluminati, zote vihami, zikikutana, mpakani umeme unapita. Sharti lake: kibamba kiishie kwenye titani. Kikiishia kwenye strontiamu, umeme haupiti. Miaka miwili baadaye watafiti wa Augsburg, Ujerumani, wakaona matabaka matatu ya lanthanamu aluminati hayatoshi, manne yanatosha. Mwaka 2007 wao na wenzao wa Geneva walipoupoza mpaka huo hadi karibu kelvini 0.2, ukinzani ulitoweka kabisa.

Elektroni hizo zimetoka wapi? Wabishi hawajaisha. Wapo wanaotaja chaji zisizolingana za matabaka, wapo wanaotaja oksijeni iliyopungua. Nami naona hata ubishi huo unamrudia fundi: aliacha oksijeni kiasi gani chumbani?

Mwaka 2019, Stanford, kundi la Hwang lilichukua utando wa oksidi yenye nikeli uliopakwa juu ya kibamba kama hicho, likaupasha moto pamoja na kalisi hidridi kwa joto lisilofika nyuzi 300. Oksijeni ya tabaka zima iling'oka, jengo likabaki limesimama, na ulipopozwa kutoka kelvini 15 hadi 9 ukinzani ukaporomoka hadi ukatoweka. Waliopika viambato hivyohivyo kama donge, pasipo kibamba chini yake, walipata kihami.