Saa 40 za Muuguzi wa Maternite

Muuguzi wa Bukavu anayetaka kuwa mshauri wa unyonyeshaji hawezi kuacha kazi akaenda masomoni. Zamu za usiku ziko palepale, na akina mama wa kujifungua hawasubiri. Tunalopaswa kuchambua, basi, ni namna ya kupanga mafunzo ili mtu aliye kazini ayamalize, na yakiisha yawe yamebadilisha anachokifanya kando ya kitanda cha mzazi. Kwa maoni yangu, nguvu ya mafunzo haya iko katika saa za vitendo chini ya macho ya msimamizi. Saa hizo tayari zimo ndani ya kazi yake. Kinachokosekana ni mpangilio.

Ushahidi tunao hapahapa Kongo. Mwaka 2015 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na Marcel Yotebieng katika kliniki 6 za Kinshasa. Baadhi ya kliniki ziliendelea kama kawaida. Nyingine ziliwafundisha wafanyakazi wao hatua za mpango wa Hospitali Rafiki kwa Mtoto, ulioanzishwa na WHO na UNICEF mwaka 1991. Watoto walipofika wiki 14, waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama tu walikuwa asilimia 29 katika kliniki za kawaida, na asilimia 65 katika kliniki zilizotekeleza hatua ya 1 hadi ya 9. Kliniki zilizoongeza hatua ya 10, yaani msaada zaidi wakati wa kumleta mtoto kupimwa, zilifika asilimia 40 tu.

Matokeo hayo yana mafundisho mawili. Kwanza, kumfundisha mfanyakazi aliyepo kunaleta tofauti kubwa, bila jengo jipya wala mashine. Pili, kuongeza shughuli si lazima kuongeze faida: kinachofanywa vizuri katika siku za kwanza, wakati mama yuko bado mikononi mwa muuguzi, ndicho kinachobeba uzito. Tukikumbuka kwamba uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta chini ya nusu ya watoto wa Kongo wasiofika miezi 6 ndio wanaonyonya maziwa ya mama tu, pengo la kuzibwa linaonekana wazi.

Sasa tuyafungue mafunzo yenyewe. Kozi ya ushauri wa unyonyeshaji ya WHO na UNICEF, iliyotolewa mwaka 1993, ina saa 40. Mkufunzi mmoja anapewa wanafunzi wanne hivi, ili aweze kumwona kila mmoja akifanya kazi. Ndani ya kozi kuna vipindi vinne vya wodini vya saa mbili mbili. Katika cha kwanza, mwanafunzi anasikiliza na kuangalia mtoto akinyonya. Katika cha pili, anamtia mama moyo na kumsaidia kumweka mtoto vizuri. Cha tatu ni cha kuuliza historia ya unyonyeshaji, na cha nne ni cha kushauri akina mama wenye hali mbalimbali.

Mpangilio huo una sababu yake. Kusikiliza kunatangulia kwa kuwa muuguzi mzoefu amezoea kuagiza. Mama wa siku ya tatu akisema hana maziwa, jibu la mazoea ni: "Nyonyesha mara kwa mara, kunywa maji mengi." Aliyefundishwa anavuta kiti, anakaa, anauliza swali ambalo halijibiwi kwa ndiyo au hapana.

"Mama, mutoto ananyonya namna gani tangu jana?"

"Analia usiku wote, muganga. Maziwa haiko."

"Unaona maziwa haitoshe, kwa sababu analia usiku wote."

Hajamsahihisha wala hajamkubalia. Amemrudishia neno lake ili aendelee kusema. Kisha anaomba kuangalia mtoto akinyonya. Anakagua mambo manne: je, mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu kuliko chini? Mara nyingi anakuta mtoto ameshika chuchu peke yake. Anamwonyesha mama namna ya kumgeuza mtoto mzima amwelekee, pua ikabili chuchu, asubiri afungue mdomo, ndipo amlete kwenye titi. Kushika ni kwa mama mwenyewe. Mikono ya muuguzi haimnyang'anyi mtoto. Mwishoni anatoa pendekezo moja au mawili, basi.

Maarifa ya mwili yanakuja kuunga mkono ustadi huo. Titi hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa: mtoto akinyonya, homoni ya prolaktini inapanda, na maziwa yakibaki titini utengenezaji unapungua. Ndiyo maana maji ya sukari ya siku za kwanza yanadhuru. Yanamshibisha mtoto, ananyonya kidogo, na hofu ya mama inageuka kuwa kweli. Mshauri hujua pia kupima hofu hiyo: katika miezi 6 ya kwanza, mtoto anayepata maziwa ya kutosha huongezeka walau gramu 500 kwa mwezi.

Tuje kwenye hesabu ya muda. Saa 40 zikigawanywa nusu siku kwa wiki, saa nne nne, zinaisha kwa wiki 10. Anayetaka kupanda zaidi anaweza kulenga cheti cha kimataifa cha mshauri wa unyonyeshaji, IBCLC, ambacho mtihani wake unafanyika pia kwa Kifaransa. Kwa mtaalamu wa afya, njia iliyozoeleka inadai saa 95 za masomo na saa 1,000 za kuhudumia akina mama wanaonyonyesha, ndani ya miaka 5 kabla ya mtihani. Saa 1,000 zinaogopesha, lakini ni 200 kwa mwaka, takriban nne kwa wiki. Muuguzi wa maternite, yaani wodi ya wazazi, anazifanya tayari. Anazipoteza tu kwa kutoziandika. Daftari lenye tarehe, saa na saini ya msimamizi linapaswa kuanza siku ya kwanza ya kozi.

Bukavu ina vinavyohitajika. Kuna Panzi, hospitali iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999. Kuna Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa, na ISTM inayofundisha wauguzi. Tangu waasi wa M23 wauteke mji Februari 2025, kutegemea mkufunzi kutoka Kinshasa ni kujifunga. Busara ni kuwatayarisha wasimamizi wachache wa hapahapa, kila mmoja apewe wauguzi wanne wa Ibanda, Kadutu au Bagira, na darasa la vitendo liwe ndani ya CPN (kliniki ya wajawazito), maternite na CPS (kliniki ya watoto).

Muuguzi mwenyewe asisahauliwe. Sheria ya Kazi ya 2002 inampa wiki 14 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kunyonyesha. Mkuu wa kituo anayemnyima nusu saa hizo anabomoa kwa mkono mmoja anachofundisha kwa mkono mwingine. Kukamua kwa mkono, jambo linalofundishwa kwenye kozi, kunamfaa yeye kabla ya kumfaa mteja wake.

Kipimo cha mafanikio hakihitaji mradi. Kinshasa walipima kwenye wiki 14, na wiki hiyohiyo mama anamleta mtoto kwa chanjo. Muuguzi wa chanjo amuulize mama kile ambacho mtoto amekula na kunywa tangu jana, aandike jibu, na kila mwezi mkuu wa kituo ahesabu waliopata maziwa ya mama tu. Namba hiyo ikipanda, saa 40 zimefanya kazi. Isipopanda, msimamizi arudi wodini na wauguzi wake wanne, waanze tena na kipindi cha kusikiliza.