Kiwakilishi "Anda" na Adabu ya Kuitana: Uhakiki wa Ufundishaji wa Kiindonesia kwa Wageni

Uhakiki huu unachunguza jinsi kiwakilishi cha nafsi ya pili "Anda" kinavyofundishwa kwa wageni wanaojifunza Kiindonesia. Kiwakilishi hicho kilipendekezwa mwaka 1957 ili kumrejelea msemeshwa bila kujali umri wala cheo, na vitabu vingi vya kiada hukitanguliza kama neno linalomfaa kila mtu. Uhakiki unadai kwamba msimamo huo unapotosha. "Anda" kimestawi katika matangazo, fomu na maagizo, ambamo msemeshwa hajulikani; katika mazungumzo ya ana kwa ana huonyesha umbali. Mwindonesia humwambia mwanamke anayemzidi umri "Ibu mau ke mana?", yaani, neno kwa neno, "Mama taka kwenda wapi?" Mswahili naye husema "Mama, unataka kwenda wapi?", lakini nafsi hubebwa na kiambishi u-. Kitenzi cha Kiindonesia hakina kiambishi cha nafsi, hivyo istilahi ya udugu hushika nafasi ya kiwakilishi chenyewe. Mgeni anayemwita mwenyeji wake "Anda" huwa sahihi kisarufi, ilhali heshima imepungua. Inapendekezwa istilahi za udugu zifundishwe ndani ya somo la viwakilishi, badala ya kuachwa katika sura ya utamaduni mwishoni mwa kitabu.