Jembe Si Adhabu

Kijitabu cha Mwalimu Julius Nyerere kiitwacho "Elimu ya Kujitegemea" kilitolewa Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha la Februari mwaka ule ule. Wengi hukitaja, wachache hukisoma. Sisi tumekisoma tena, tukiwa waalimu Wakristo wa Songea, kwa kuwa tulitaka kujua kama chatusaidia kumlea mtoto mzima, yaani mwili wake, akili yake na roho yake. Twapenda kusema wazi tuliyoyaona humo, yaliyo mema na yaliyopungua.

Mema yake ni mengi. Mwandishi alikuwa mwalimu mwenyewe; alifundisha katika shule za misheni za Tabora na Pugu, na maradhi ya shule aliyajua. Ailaumu shule inayomtenga mtoto na watu wa kwao, ikamfanya adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba mzee asiyesoma hana la kumfunza. Lawama hiyo ni ya haki. Watazameni Wamatengo katika milima ya Mbinga walimavyo ngolo. Hulaza majani yaliyokatwa kwa mistari inayokatana, kisha hufukua udongo wa katikati na kuyafunika, hata mteremko wote ukajaa mashimo yanayozuia mvua isichukue udongo. Hapo pana hesabu, pana elimu ya ardhi, na pana subira. Mtoto aliyemaliza shule asipoiona elimu katika kazi ya wazazi wake, shule imempofusha jicho moja.

Kwa hiyo Mwalimu alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi wenyewe washiriki katika kupanga kazi na kuona faida yake. Kwetu neno hilo halikuwa geni. Wamisionari Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898 walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, aliyepanga saa za kusali, saa za kusoma na saa za kazi ya mikono. Tena katika sura ya 31 Kanuni hiyo yaagiza vyombo vyote vya nyumba vitunzwe kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Basi jembe na kalisi ni ndugu.

Lakini kijitabu chapungukiwa mahali pawili. Kwanza, chamtazama mtoto zaidi kama mwananchi ajaye: atalifaa nini taifa, atalima nini, atajenga nini. Ni kweli, chataka awe na akili ya kuuliza na moyo wa kujiamini. Lakini juu ya sala, juu ya mtoto mwenye huzuni, juu ya yule aliye mzito wa kujifunza, hakina neno kubwa. Mwinjili Luka, atusimuliapo utoto wa Bwana wetu, hutaja kukua kwake katika hekima na kimo, na kupendeza kwake mbele ya Mungu na mbele ya watu. Mambo hayo manne hayatengani.

Pili, kijitabu chategemea mno kwamba mwalimu atalipenda jembe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na kosa ni letu waalimu. Katika shule moja tuliyopata kufundisha, mtoto aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alipewa jembe. Aliyeshindwa hesabu alipewa jembe. Waliofaulu walikaa kivulini. Jioni moja tulimwuliza kijana wa darasa la tano, "Leo umefanya kazi gani?" Akajibu, "Sikufanya kazi, mwalimu, leo sikukosa."

Tulinyamaza. Baba wa kijana yule ni mkulima, na kwa jembe humlipia mwanawe ada na sare. Ikiwa jembe ni adhabu, baba yake ameadhibiwa maisha yake yote, na kwa kosa gani? Hivyo ndivyo tulivyomfundisha mtoto kumdharau baba yake, na huku kila asubuhi twamfundisha amri ya nne.

Basi, waalimu wenzetu, tutafute adhabu nyingine. Mwalimu awe wa kwanza kushika jembe, na kazi ianze kwa sala kama somo lianzavyo. Mavuno yaliwe na watoto waliolima. Aliye mzito kalamuni apewe kuongoza shambani, apate kujua kwamba naye ana kipaji. Nanyi wazazi, mtoto arudipo msiulize tu amekuwa wa ngapi. Mwulizeni pia amemsaidia nani.

Kijitabu kile kisomwe, maana hata leo chatuonya. Lakini kisomwe kando ya Injili, na msomaji wa kwanza awe mwalimu. Samaki mkunje angali mbichi. Ila anayemkunja aangalie asimvunje.