Nyundo haiweki beringi

Leo nakosoa kazi ambayo sisi waagronomu tunaiona kila msimu na tunanyamaza tu: namna beringi inavyoingizwa kwenye shafti za mashine za kusaga mihogo na kukoboa mpunga, kutoka Mutarule mpaka Sange.

Fundi anagonga kwa nyundo. Ikigoma, anaelekeza moto upande mmoja. Beringi inaingia, ndiyo, mashine inazunguka, watu wanashangilia. Lakini pigo la nyundo limepita kwenye gololi na kuacha alama kwenye njia zake, na moto mkali umelegeza chuma kilichokuwa kigumu. Kelele inakuja kuanza katikati ya mavuno, mama analala na magunia yake nje ya mashine, na fundi anasema beringi za siku hizi ni bandia. Zingine ni bandia kweli, sikatai.

Viwandani wanapasha beringi kwa induksheni. Koili inapitisha umeme unaobadilika-badilika, nao unazalisha umeme mwingine ndani ya beringi yenyewe, basi chuma kinapata joto bila moto. Kinasimamishwa kwenye nyuzi 110 hivi, halafu usumaku unaondolewa, maana ukibaki, beringi itavuta unga wa chuma. Piga hesabu: beringi ya tundu la milimita 40, ikizidi shafti kwa nyuzi 80, tundu linapanuka karibu milimita 0.04. Ni kidogo sana, kumbe kwa kawaida inatosha kuisukuma kwa mkono.

Sasa wahandisi wetu wa mjini wanasema bila mashine ile hakuna kazi safi. Hapo nawakatalia. Huku mashine zinakunywa mazutu, induksheni tutaichomeka wapi? Kinachofanya kazi ni joto lililo sawa na lenye kipimo. Sufuria ya mafuta safi, beringi inaning'inia kwa waya isiguse chini, kipimajoto ndani, nyuzi 110, isizidi 120. Ikiingia, ishikilie mpaka ipoe, isirudi nyuma. Ile iliyofungwa na grisi yake ndani usiitie kwenye mafuta kabisa. Tafuta bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani peke yake, ugonge bomba polepole.

Ushirika mmoja niliofanya nao kazi ulikuwa na mikanda ya akiba, galoni za mazutu na nyundo tatu. Kipimajoto, hata kimoja.