Sinapsi: Kiungo au Kivuko?

Istilahi ya kisayansi nayo ni sitiari, na sitiari huweza kuhakikiwa kama ubeti wa shairi. Neno "sinapsi" liliingia katika fisiolojia mwaka 1897, katika kitabu cha Michael Foster, likiletwa na Charles Sherrington, ambaye alipendekezewa na Verrall, mjuzi wa Kiyunani wa Cambridge. Asili yake ni kushikana. Ajabu ni kwamba seli za neva kwa kawaida hazishikani. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alikuwa amekwisha kueleza kuwa kila seli imejitenga, na katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilidhihirisha mwanya wenyewe, wenye upana wa kiasi cha nanometa 20.

Kwa hiyo wanaotafsiri sinapsi kwa "kiungo" hurithi kosa la Kiyunani na kuongeza la kwao, maana kiungo ni goti na kiwiko, na bizari pia. "Kivuko" lingefaa zaidi. Mwaka 1921 Otto Loewi alichukua maji ya chumvi yaliyokuwa katika moyo wa chura, moyo ambao neva yake imechochewa, akayatia katika moyo wa chura wa pili. Huo nao ukapunguza mapigo. Habari haikupita kwa kugusana. Ilivushwa na kemikali, kama abiria na mtumbwi. (Zipo sinapsi za umeme ambazo seli zake zimeungana kweli, hizo ziitwe viungo bila ubishi.)

Katika kompyuta, hata hivyo, kivuko nacho huzama. "Sinapsi" ya mtandao wa neva bandia, tangu perseptroni ya Frank Rosenblatt ya mwaka 1958, kihesabu ni namba: thamani inayoingia huzidishwa kwayo, na kujifunza ni kuirekebisha. Hakuna mwanya wala mtumbwi. Tena namba hiyo yaweza kugeuka kutoka chanya kuwa hasi wakati wa mafunzo, ilhali sinapsi ya mwilini, yenye kuchochea au kuzuia kwa kufuata kemikali yake na kipokezi chake, kwa kawaida haigeuki hivyo. Wahandisi wenyewe huiita uzito, na neno hilo Kiswahili kinalo tangu sokoni. Mwalimu anayetumia istilahi moja kwa yote mawili humfanya mwanafunzi aamini kwamba TrueNorth, chipu ya IBM iliyotangazwa mwaka 2014 kuwa na "sinapsi" milioni 256, ina milioni 256 za kile kilichomo kichwani mwake.